Simbilisi hali chakula: hataki au hawezi?

Simbilisi (guinea pig) mzima hutafuna saa nyingi, mchana na usiku, akipumzika kidogo kidogo katikati. Kwa hiyo ukikuta majani uliyomwekea asubuhi yako vilevile saa sita mchana, usiseme "tuone kesho". Mbwa anaweza kususa chakula siku nzima na kesho yake akala kama kawaida. Simbilisi hana nafasi hiyo. Utumbo wake unasukumwa na nyuzi za majani zinazoingia mfululizo. Zikikatika, mwendo unapungua, gesi inajaa, maumivu yanamaliza ile hamu ndogo iliyobaki, na bakteria wabaya wanaanza kuwazidi nguvu wale wanaochachusha majani tumboni. Aliye mnene au mwenye mimba yuko hatarini zaidi, maana mwili unageukia mafuta yake kwa pupa na ini linaelemewa. Saa 12 bila kula chochote ni dharura. Saa 24 ni kuchelewa.

Vyanzo ni vingi, kuanzia chupa ya maji iliyoziba hadi jiwe kwenye kibofu, lakini swali moja hupunguza orodha haraka: mnyama hataki kula, au anataka ila hawezi? Jibu lake unalipata nyumbani kwa dakika tano, kabla hujampigia mtu simu.

Mpime kwa kile anachokipenda

Chukua kitu ambacho hajawahi kukikataa: jani la tembele, kipande cha pilipili hoho, ukoka mbichi. Kiweke mbele yake, chuchumaa mbali kidogo, mtazame bila kumshika.

Akija mbio, akanusa, akachukua jani, kisha likamwanguka. Akilirudia na kuliangusha tena. Akitafuna kwa upande mmoja huku kidevu kimelowa mate, basi hamu anayo. Tatizo liko mdomoni. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya meno.

Asiposogea kabisa, akabaki amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, macho yamefumbwa nusu, huyo hataki. Ana maumivu, homa, au tumbo limesimama. Huyu ndiye wa kukimbizwa kwa daktari.

Akila cha mkononi kwa furaha lakini kilichomo kwenye sahani hakigusi, anza kuchunguza chakula chenyewe na banda.

Kisha angalia choo. Punje za kawaida ni za mviringo mrefu, zinalingana ukubwa, rangi ni kahawia iliyokolea, na ukiibonyeza moja kwa vidole ina unyevu kidogo. Punje ndogo, kavu, zilizochongoka upande mmoja, au zilizounganishwa na nywele, zinakuambia amekuwa akila kidogo tangu jana au juzi, hata kama wewe umeliona leo. Sakafu isiyo na punje hata moja tangu usiku ni habari mbaya. Choo cha majimaji ni mbaya zaidi: simbilisi mwenye kuhara kwelikweli anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mwisho, mpime uzito. Mizani ya jikoni inayosoma gramu inatosha. Mweke ndani ya bakuli pana ili atulie. Mkubwa mwenye afya huwa kati ya gramu 700 na 1,200, ila namba yenye maana ni ile yake ya wiki iliyopita. Ndiyo maana nasisitiza kumpima kila wiki, siku ileile, na kuandika. Akipungua gramu 50, fungua macho. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, anahitaji daktari hata kama bado unamwona anachezea majani. Kundi likila pamoja kwenye rundo moja, mizani ndiyo itakayokuonyesha asiyekula. Macho yako yatadanganywa na wenzake.

Maji, chakula, joto

Anza na maji, kwa sababu ni rahisi na husahaulika. Chupa ya kuning'iniza ina gololi mdomoni, na simbilisi wana tabia ya kurudisha chakula ndani ya mrija wanapokunywa. Igonge gololi kwa kidole; matone yasipotoka, umepata jibu. Asiye na maji huacha chakula kikavu kwanza, kisha kila kitu. Anahitaji takriban mililita 100 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, ingawa anayekula majani mabichi mengi hunywa pungufu.

Je, umebadilisha chakula? Simbilisi hujifunza akiwa mdogo kipi ni chakula, na akishakua hukishuku kila kigeni. Umbo la punje za chakula cha dukani likibadilika tu anaweza kugoma hadi ahatarishe maisha, hata kama virutubisho ni vilevile. Cha zamani na kipya vichanganywe kwa wiki nzima au zaidi, kipya kikiongezwa kidogo kidogo. Hili huwapata sana walionunua mnyama sokoni bila kuuliza alikuwa akilishwa nini.

Nusa chakula. Pumba yenye harufu ya ukungu, majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia hadi yakapata moto, mchicha uliopuliziwa dawa jana yake, vyote humfanya asuse, na asiposusa ataumwa. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo yana sumu. Ya parachichi pia, na ya muhogo mabichi usiyajaribu. Chakula cha kuku hakimfai: hakina vitamini C, na mara nyingi kimechanganywa na dawa za kuzuia koksidia (vimelea vya tumbo), ambazo baadhi yake ni hatari kwa wanyama wasio ndege. Chakula cha punje cha sungura nacho hakina vitamini C ya kumtosha.

Halafu joto. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, kwenye ubaridi, na mwili wake haujui kutoa jasho. Nyuzi 18 hadi 24 ndizo zinazomstarehesha. Ikipita 28, hasa palipo na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, huanza kupoteza hamu, na banda lenye paa la bati lisilo na dari humuua. Ukimkuta amejinyoosha kwa ubavu, anahema haraka, mate yanatoka, masikio mekundu, mhamishie kivulini, mlowanishe masikio na nyayo kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si ya barafu, kisha mpeleke kwa daktari. Kule Njombe na Makete shida ni kinyume chake: baridi ya usiku, na moshi wa kuni kwa wanaolala jikoni, ambao huchokoza mapafu.

Usisahau wenzake. Dume mbabe anaweza kumfukuza mnyonge kwenye sahani mchana kutwa. Weka sahani mbili mbali mbali, uone nani ananenepa. Aliyefiwa na mwenzake naye anaweza kususa siku moja mbili, ila kabla ya kusema ni huzuni, hakikisha si ugonjwa uleule uliomuua mwenzake.

Anataka ila hawezi: meno

Simbilisi ana meno 20: manne ya mbele unayoyaona, na magego 16 nyuma ambayo hutayaona bila kifaa. Yote hukua maisha yote, na yote hutegemea kusuguana wakati wa kusaga nyasi ngumu ili yabaki na urefu wake. Mnyama anayelishwa pumba, maganda laini na vipande vya karoti hasagi vya kutosha. Magego ya chini hurefuka yakilalia ndani, hadi yanakutana juu ya ulimi na kuubana. Ya juu huelekea nje na kuchana mashavu. Hapo ndipo unapomwona mnyama akikimbilia jani na kushindwa kulimeza.

Ugonjwa huu huja polepole. Kwanza huacha nyasi kavu, kisha nyasi mbichi ngumu, akabaki na vitu laini. Mfugaji husema "siku hizi anachagua". Uzito unashuka wiki baada ya wiki. Kidevu na shingo vinalowa, jicho moja linatoa machozi kwa sababu mizizi ya magego ya juu iko karibu nalo, na ukipitisha kidole chini ya taya unahisi vinundu vya mizizi inayosukuma mfupa. Meno ya mbele yakiwa marefu au yamepinda, mara nyingi ni dalili tu kwamba nyuma kuna hitilafu, maana taya haifungi sawasawa.

Tafadhali usiyakate kwa mkasi wa kucha wala koleo. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, usaha unaingia, na umegeuza tatizo linalotibika kuwa la kudumu. Kazi hii inahitaji kifaa cha kutanua mdomo, taa, na kwa kawaida dawa ya usingizi. Akisharekebishwa huenda asile mwenyewe kwa siku kadhaa, kwa kuwa misuli ya taya imechoka na vidonda vinauma, kwa hiyo jiandae kumlisha. Baadhi huhitaji kurudi kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Mwulize daktari hilo mapema.

Si kila asiyeweza kutafuna ana meno marefu. Kipande cha bua kinaweza kunasa kati ya meno au kuchoma ulimi. Uvimbe mgumu unaokua chini ya koo mara nyingi ni jipu la tezi, na bakteria wake huingia kupitia mikwaruzo ya chakula chenye miiba. Lisipasuliwe nyumbani.

Kiseyeye

Mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich huko Norway waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakawaona wakipata kiseyeye, ugonjwa uleule uliowamaliza mabaharia. Simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Anayelishwa pumba ya mahindi na maji peke yake leo anarudia jaribio lile, na ndani ya wiki mbili tatu dalili zinaanza: hamu inapungua, manyoya yanakuwa makavu, anachechemea au hataki kabisa kusogea, magoti yanavimba, analia ukimnyanyua. Fizi zinatoka damu, meno yanalegea, na hapo matatizo mawili yanaungana kuwa moja.

Mahitaji yake ni takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila siku, na 30 kwa mgonjwa au mwenye mimba. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, hoho nayo imejaa, na majani mabichi ya kila siku huziba pengo kubwa. Kwa mgonjwa napendelea kidonge cha vitamini C tupu kutoka duka la dawa: soma kiasi kilichoandikwa, gawanya upate miligramu 25 hadi 30, saga, changanya na maji kidogo, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano mara moja kwa siku. Usitumie vidonge vya mchanganyiko wa vitamini nyingi, kwa kuwa A na D zikizidi humdhuru. Usiitie kwenye chupa ya maji pia: inaharibika upesi kwenye mwanga, na ladha inaweza kumfanya aache kunywa. Chakula cha punje kilichoongezwa vitamini C nacho hupoteza nguvu baada ya miezi mitatu hivi tangu kutengenezwa, hata kama mfuko haujafunguliwa.

Kama chanzo ni hiki, utaona tofauti ndani ya wiki moja. Usipoiona, tafuta kingine.

Hataki: tumbo

Mshike kwa utulivu, pitisha kiganja chini ya tumbo. Tumbo laini lililobonyea, choo kidogo au hakuna, ni utumbo uliopunguza mwendo. Huyu anahitaji maji, chakula kwa bomba, na dawa ya maumivu kutoka kwa daktari. Tumbo lililojaa na kukaza kama ngoma, mnyama anasaga meno na kuhema kwa shida, ni gesi iliyonasa. Huyu usimlishe kwa nguvu na usimkande tumbo; nenda kwa daktari sasa hivi.

Mara nyingi utumbo uliosimama ni matokeo tu. Kuna maumivu mahali pengine yaliyomfanya aache kula, kwa hiyo hata ukifanikiwa kuuamsha, endelea kutafuta chanzo.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kuliko yote katika mwongozo huu, kwa sababu linaua wanyama ambao wangepona. Mtu anaona simbilisi wake hali, anakwenda dukani, anarudi na amoksilini ya watoto. Usimpe. Amoksilini, ampisilini, penisilini, linkomaisini, klindamaisini na erithromaisini huwaua bakteria wema wa tumbo lake na kuwaachia uwanja wale wanaotoa sumu. Mnyama huanza kuhara, joto la mwili linashuka, na kwa kawaida hufa ndani ya siku chache. Oksitetrasaiklini ya kuchanganya kwenye maji ya kuku nayo iache. Daktari akiandika antibayotiki, kwa kawaida itakuwa enrofloksasini au trimethoprimu iliyochanganywa na salfa, kwa kipimo cha uzito wa mnyama wako. Akitaja mojawapo ya zile za kwanza, mwambie kwa heshima: "Daktari, nimesikia hii huwadhuru simbilisi, naomba tuangalie nyingine." Madaktari wengi wa mifugo hutibu ng'ombe, kuku na mbwa siku nzima, na swali hilo si utovu wa adabu.

Hataki: maumivu ya kwingine

Makamasi, chafya, macho yenye matongo, mbavu zinazopanda na kushuka kwa nguvu: mapafu. Simbilisi hutegemea pua kupumua, na pua ikiziba hata kunusa chakula hawezi. Mmoja wa bakteria wakuu wa ugonjwa huu, Bordetella, hukaa kwa sungura na mbwa bila kuwasumbua sana, kwa hiyo usiwafuge sungura na simbilisi banda moja.

Analia anapokojoa, amejikunja mgongo, mkojo una damu: jiwe la kibofu au maambukizi. Alfalfa (lusini) kila siku kwa mkubwa humwongezea kalsiamu asiyoihitaji. Iache kwa watoto na wenye mimba.

Anajikuna hadi anaanguka na kutetemeka, ngozi ina magamba: utitiri. Unatibika vizuri kwa ivermektini iliyopimwa na daktari, si kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Geuza pia nyayo. Kidonda cha chini ya mguu kutokana na sakafu ya waya au maranda yaliyolowa kinatosha kumkatisha tamaa ya kutembea hadi kwenye sahani.

Jike mwenye mimba nimtaje peke yake. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Akiacha kula katika wiki mbili za mwisho au wiki ya kwanza baada ya kuzaa, hasa akiwa mnene, mwili huweza kujaa sumu inayotokana na kuyeyusha mafuta, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usimpunguzie chakula mwenye mimba hata kama anaonekana amenenepa kupita kiasi, na usimhamishe banda siku za mwisho. Jike ambaye hajawahi kuzaa akishapita miezi 7 asipandishwe tena: mifupa ya nyonga haitanuki vizuri, na anayekwama kwenye uzazi naye dalili yake ya kwanza huwa kukaa kimya bila kula.

Kumlisha kwa bomba

Kama tumbo si gumu na anameza, anza kumlisha wakati unatafuta usafiri. Loweka chakula chake cha punje kwenye maji ya vuguvugu hadi kiwe uji unaopita kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Kama huna punje, twanga nyasi kavu safi, chekecha, changanya unga wake na maji na hoho iliyosagwa. Usitumie maziwa, wala uji wa sembe wenye sukari.

Mfunge taulo kuanzia shingoni, mweke mapajani, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Nyuma ya meno ya mbele kuna nafasi isiyo na meno. Ingiza ncha ya bomba hapo kutokea ubavuni, ukielekeza upande wa pili wa mdomo, kamwe si moja kwa moja kooni. Toa nusu mililita. Subiri. Utaona taya zikianza kusaga na utasikia akimeza. Toa nyingine. Uji ukitokea puani au akikohoa, simama, mwinamishe kichwa chini. Kwa siku nzima anahitaji karibu mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito, zikigawanywa mara nne hadi sita, usiku ukiwemo. Baada ya kila mlo mfute kidevu, maana uji ukikauka hapo hutoa vidonda.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu kwa kukisia.

Kwa daktari

Mpeleke kwenye boksi lenye matundu na nyasi anazozijua, pamoja na mwenzake kama wanaelewana, kwa sababu hofu ya safari huwa ndogo wakiwa wawili. Beba punje za choo za leo, daftari la uzito, na kipande cha chakula anacholishwa. Sema saa ya mwisho uliyomwona akila na alikataa nini kwanza. Omba mdomo uangaliwe hadi nyuma, si meno ya mbele tu. Kwa walio karibu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro na kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete ni mahali pa kuulizia. Kwingine, piga simu kwanza uulize kama daktari amewahi kutibu simbilisi au sungura.

Akianza kula mwenyewe, usikate bomba siku hiyohiyo. Punguza mlo mmoja mmoja, huku ukimpima kila asubuhi kabla hujamlisha. Uzito ukikaa palepale au ukipanda siku tatu mfululizo bila msaada wako, na punje zikarudi ukubwa wake wa kawaida, acha bomba na urudi kwenye ratiba ya kumpima kila wiki. Ukishuka tena, rudi kwa daktari na daftari lilelile.